Jino Alilolianza Linda

Jino lenyewe lilikuwa gego la juu, upande wa kushoto. Kwa muda wa zaidi ya mwaka Nyamoita alitafunia kulia tu. Mahindi ya kuchoma aliyaacha, miwa akaisahau, na chai aliinywa ikiwa imepoa kiasi cha kumfanya mumewe aulize kama kuni zimekwisha. Wanawake aliochuma nao majani pale Itumbe walimwona akishika shavu katikati ya mistari ya chai, wakamwambia aende Ogembo aling'oe, ni kazi ya mara moja, arudi alale. Aliwaitikia kwa adabu, kisha akageuza maneno.

Si kwamba aliogopa koleo la daktari. Jino lile lilikuwa limeanza kutibiwa na binti yake Linda, na Linda alikuwa amelala nyuma ya nyumba, kando ya migomba, chini ya udongo ambao nyasi zilikuwa bado hazijaufunika wote.

Linda alikuwa kitinda mimba. Kaka zake wawili walishajitafutia maisha Nakuru, wakaoa hukohuko, wakawa watu wa kupiga simu jioni ya Sabato. Yeye ndiye aliyebaki karibu. Alisomea udaktari wa meno Nairobi, na alipomaliza, wenzake wakigombania nafasi za huko, yeye alirudi Kisii akaajiriwa katika kliniki ya Daktari Masese, ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Siku ya kwanza Nyamoita alipopanda ngazi zile alivaa gauni la kanisani. Aliketi kwenye benchi la wagonjwa ingawa hakuwa mgonjwa, akakaa pale asubuhi nzima ili tu amtazame mwanawe akiingia na kutoka na koti lake jeupe, watu wazima wakimwita daktari.

Linda alimwita "Baba". Ndivyo Wagusii wanavyomwita mama. Maureen, dada aliyewapokea wagonjwa pale kliniki, alikuwa mtu wa Kakamega, na siku aliposikia daktari mzima akimwambia mwanamke mwenye gauni "Baba, umekula?" alicheka mpaka akashika meza. Tangu siku hiyo naye akawa anamwita Baba, kwa mzaha kwanza, halafu ikawa mazoea.

Jino lilipoanza kumsumbua Nyamoita, hakukuwa na swali nani angelitibu. Linda alilipiga eksrei, akaitazama, akamweleza mamake kwa Kigusii, polepole, kama mtu anayemweleza mtoto mwerevu.

"Limeoza mpaka kwenye mshipa, lakini si la kutupa. Nitafungua hapa juu. Ndani ya kila mzizi kuna mfereji mwembamba kama uzi, na humo ndimo ugonjwa unamojificha. Nitaisafisha mifereji, niizibe, halafu utakula nalo mpaka uzeeke."

"Nimeshazeeka."

"Bado sana, Baba. Fungua mdomo."

Siku ile Nyamoita aliikumbuka vizuri kuliko siku ya arusi yake. Sindano ya ganzi haikumuuma, au labda iliuma akaona haya kusema. Alilala chali, taa machoni, na juu yake macho ya Linda peke yake, maana uso uliobaki ulikuwa nyuma ya barakoa. Linda alichukua visindano vyembamba vya chuma, akaviingiza jinoni kimoja baada ya kingine, akivizungusha kwa ncha za vidole, na huku akifanya kazi alivumisha wimbo wa kwaya. Alivumisha sauti ya pili, ile ambayo Nyamoita mwenyewe huiimba kanisani. Nyamoita aliona fahari ikimpanda kifuani, akiwa hoi pale kitini, mdomo wazi, mate yakivutwa na mpira.

Kisha wimbo ukakatika.

Linda alikiinua kile kisindano kwenye mwanga akakitazama kwa muda. Alipiga eksrei nyingine. Akatoka chumbani. Aliporudi aliendelea na kazi bila kuvumisha kitu, akaweka dawa, akaliziba jino kwa dawa nyeupe ya muda, akaishindilia kwa kidole chake.

"Kuna kazi imebaki," alisema. Alikuwa amempa mamake mgongo, anapanga vyombo. "Jino hili lina njia zake. Kuna mahali nahisi pana mfereji mwingine, lakini eksrei ya kawaida hainionyeshi, inalaza kila kitu pamoja kama kivuli ukutani. Nataka tukapige ile picha ya pande tatu. Hiyo naweza kuizungusha, nikalitazama jino kutoka mbele, kutoka nyuma, kutoka juu, nikalipasua vipande bila kuligusa. Nikiipata nitajua pa kupita."

"Picha tena? Na mbona siumwi?"

"Hutaumwa kwa muda. Lakini halijaisha, Baba. Na usikubali mtu mwingine aliguse. Nitalimaliza mimi mwenyewe."

Jioni ile Linda alifuatana naye nyumbani. Hakula. Alisimama jikoni akisugua sufuria zilizokuwa safi tayari. Nyamoita alidhani ni mambo ya mapenzi, akamsogelea akamuuliza kwa sauti ya chini kama kuna kijana aliyemvunja moyo. Linda alicheka kidogo. "Si kijana," akasema, akaendelea kusugua.

Baada ya hapo alikuwa akipiga simu. Baba, lini? Baba, nimekwisha kuzungumza na watu wa picha, unangojwa wewe tu. Lakini mvua zilikuwa njema na chai ilikuwa ikitoka kwa wingi; halafu yakaja makambi ya kanisa; halafu binti ya dada yake akaolewa huko Nyamira na akina mama wote wakahitajika jikoni. Jino lilikuwa limenyamaza. Nyamoita hakuona haraka iko wapi.

Simu ya mwisho ilimkuta kituoni, kwenye foleni ya kupima majani, kikapu mgongoni.

"Nitakuja, Linda. Jino si mtoto anayelia."

"Linanilia mimi, Baba. Silali."

"Hulali kwa ajili ya jino langu? Wewe nawe. Ngoja nipime majani, nitakupigia."

Hakumpigia. Alipima majani, akakutana na jirani, wakashikana mazungumzo mpaka nyumbani, jioni ikaingia na kazi zake.

Kesho yake Linda na Maureen walikwenda shule moja ya msingi upande wa Nyamira kukagua meno ya watoto. Alasiri wingu lilifunga kama linavyofunga karibu kila siku huku milimani. Walimu wakapiga kengele watoto waingie madarasani. Kikundi cha wadogo kilibaki uwanjani kikicheza na matone ya kwanza, na Linda, aliyekuwa karibu nao kuliko mtu yeyote, akatoka mbio kuwaswaga. Maureen aliona kila kitu kutoka barazani. Radi ilipiga mara moja. Watoto walianguka, wakainuka wakilia. Linda hakuinuka.

Walikuwako watu wa kunong'ona habari za laana, maana radi ikiua mtu hapakosi wa kunong'ona. Ogoti, mume wa Nyamoita, mtu mpole asiyejua kugombana, aliwafuata wawili kati yao mpaka malangoni kwao akawaambia wakome. Baada ya hapo walikoma, au walinong'onea mbali.

Kwenye mazishi Nyamoita hakulia kama watu walivyotarajia. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, akashika mikono iliyokuja kumshika, akasema asante. Walimwita Ng'ina Linda, yaani mama yake Linda, kama walivyomwita miaka yote. Wiki chache baadaye aligundua kwamba wengine wameanza kulikwepa jina hilo. Wakifika kwake wanasita kidogo, kisha wanasema tu "dada" au "mama". Hakujua kama anawashukuru au anawachukia.

Ndipo jino lilipoamka.

Lilianza kwa kugonga taratibu, kama mapigo ya moyo yaliyopotea njia. Alisukutua kwa maji ya chumvi. Aliuma karafuu. Alinunua vidonge dukani akaviweka mfukoni mwa aproni, akavimeza kwa siri. Ogoti alimwambia waende kwa daktari, akasema litapoa. Alimwambia tena, akasema chai iishe kwanza.

Siku moja mchana walikuwa mezani na ugali wa wimbi. Nyamoita aliacha kutafuna. Alitoa ulimini punje nyeupe, halafu nyingine, akaziweka kiganjani.

"Mawe?" Ogoti aliuliza. "Wimbi lile nilisema lina mchanga."

Hakujibu. Alikuwa akizitazama. Mwishowe Ogoti naye aliinama akatazama, akaona si mchanga. Ilikuwa ile dawa ya kuzibia, aliyoishindilia Linda kwa kidole chake. Ilikuwa imevunjikavunjika yote. Nyamoita alikunja ngumi juu yake, akaegemeza kipaji kwenye meza kando ya sahani, na kilio ambacho watu walikingoja kwenye mazishi kikaja pale.

"Aliniambia mtu mwingine asiliguse," alisema alipoweza kusema.

"Nyamoita, aliyekuambia hivyo hayupo."

"Najua hayupo. Ndiyo maana."

Ogoti ndiye aliyeosha sahani zote mbili siku ile.

Likaendelea hivyo mpaka Sabato moja Nyamoita alipoamka na shavu limefura, jicho la kushoto limezibwa na uvimbe, mwili unachoma kwa homa. Alitaka kwenda kanisani hivyohivyo, amejitanda shuka. Ogoti alisimama mlangoni. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumzuilia mlango.

"Nimezika mmoja," alisema. "Sitazika wawili. Kama hutaki kwenda kwa ajili yako, nenda kwa ajili yangu. Mimi nitabaki na nani katika nyumba hii?"

Nyamoita alimtazama kwa jicho moja. Aliona jinsi mumewe alivyokonda, kitu ambacho kwa mwaka mzima hakuwa amekiona. Akavua viatu vya kanisani akavaa vya safari.

Kliniki ya Kisii haifunguliwi Sabato, lakini Daktari Masese alikuja alipopigiwa simu, na Maureen akaja pia. Nyamoita hakuwa amezipanda ngazi zile tangu mazishi. Maureen alimwona akitokea juu, akasema "Baba", na hakuweza kusema zaidi. Walishikana pale mlangoni mpaka daktari akawaambia kwa upole kwamba homa haisubiri.

Masese alilifungua jino, usaha ukatoka, akampa dawa. Alikuwa mtu wa makamo, mzito wa maneno. Alipomaliza alivuta kiti akaketi mbele yao.

"Uvimbe ukishuka tutazungumza kuhusu kulitibu. Lakini sitaingiza chombo humo kabla sijapata picha ya pande tatu."

Nyamoita alishtuka. "Ndiyo ile aliyoitaka."

"Ndiyo ileile, Mama," alisema Masese. Akashusha macho.

Wiki iliyofuata walikwenda mahali pa picha, palepale mjini. Msichana mmoja alimsimamisha Nyamoita mbele ya mashine nyeupe yenye mkono mrefu, akamwekea kidevu mahali pake, akampa kijiti cha plastiki akiume kwa meno ya mbele.

"Mkono huu utakuzunguka kichwa, Mama. Hautakugusa. Usitikisike kabisa, hata mate usimeze, picha itaharibika."

Mashine ikaanza kuvuma, mkono ukaanza kuzunguka. Kilio kilimjia Nyamoita wakati huohuo, kikampanda kooni bila hodi. Alikizuia. Aliuma plastiki, akakaza magoti, akakaza shingo, akakishikilia kilio pale kilipofika, kwa sababu Linda aliitaka picha hii na asingekuwa yeye wa kumkosesha mara ya pili. Mkono ulipokwisha kuzunguka na msichana aliposema "Vizuri sana, Mama," ndipo alipokiachia. Msichana aliogopa akidhani amemuumiza.

Waliporudi kwa Masese, picha ilikuwa imeshafika kwenye kompyuta yake. Aliwaketisha wote wawili mbele ya kioo. Nyamoita aliliona taya lake mwenyewe likielea kwenye weusi, mifupa na meno, likizunguka polepole kadiri daktari alivyosogeza kidole. Lilimtisha kidogo. Masese akalikaribia gego la kushoto, akaanza kulikata vipande, kipande juu ya kipande, kama mtu anayekata ndizi mbivu.

"Hapa tunalitazama kutoka juu. Lina mizizi mitatu. Huu mzizi mmoja, angalia katikati: mfereji wake umesafishwa, mviringo, hauna doa. Na huu wa pili vilevile. Hii ni kazi ya Linda. Ni kazi nzuri, Mama, sisemi ili kukufariji."

Nyamoita alisogea mbele. Ndani ya jino lake kulikuwa na njia ambazo mkono wa mwanawe ulizipita, na sasa alikuwa akiziona. Hakuwa amewaza kwamba jambo kama hilo linawezekana. Ogoti naye alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Na kile?" Nyamoita aliuliza. Katika mzizi wa tatu kulikuwa na kitu chembamba, kifupi, cheupe kuliko mfupa wote, kinatoa miale.

Masese alikikuza kwenye kioo. "Hicho ni chuma. Ni ncha ya kisindano cha kusafishia. Ilikatika humo ndani."

"Nani aliikata?"

"Linda."

Nyamoita aliusikia tena wimbo ukikatika. Aliona kisindano kikiinuliwa kwenye mwanga. Aliona sufuria safi zikisuguliwa.

"Kwa hiyo alinificha."

"Alikuja ofisini kwangu dakika ileile," alisema Masese. "Alikuwa akilia. Alisema, 'Kati ya watu wote, kwa mama yangu.' Nilimwambia mimi mwenyewe nimevikata, na walionifundisha walivikata. Vyuma hivi ni vyembamba na mizizi mingine imepinda. Nilimwambia mgonjwa lazima aelezwe. Akaniomba muda. Alitaka kukueleza siku ya picha, akiwa na njia ya kulitengeneza mkononi. Hakutaka kukuletea kosa tupu. Nilimkubalia. Na baada ya mazishi ilinipasa mimi nije kwenu niwaambie. Nilifika mpaka Ogembo siku moja, nikarudi."

Chini, mwenye duka la vitambaa alikuwa akicheka na mteja.

"Alikuwa akinipigia simu," Nyamoita alisema. "Baba, lini? Baba, lini? Mimi namwambia nachuma chai."

"Mama..."

"Alisema halali. Nilimcheka. Nilidhani ni jino linalomsumbua, kumbe ni mimi. Ananiogopa mimi. Kichuma kama hiki." Aliugusa ule weupe kwenye kioo kwa ncha ya kidole. "Alikufa akiniogopa, Daktari."

"Hapana, Mama. Alikupenda."

"Alinipenda na alikufa akiniogopa. Usiniambie hapana. Hukumsikia kwenye simu."

Ogoti, ambaye hakuwa amelia mbele ya watu hata siku ya kaburi, alivua kofia yake akajifunika uso.

Baada ya muda daktari aliirudia picha, kwa sababu picha ilikuwapo na jino lilikuwa bado linauma. Akaligeuza kutoka ubavuni, akakata vipande vingine, taratibu, akatafuta, akasimama.

"Tazameni. Ule mzizi wenye chuma una mifereji miwili. Huu ndio wenye kipande. Na huu hapa, mwembamba, umejificha kando yake, haujawahi kuguswa. Linda alisema anauhisi. Alikuwa sawa. Eksrei haikuweza kumwonyesha kwa sababu mmoja umelala nyuma ya mwingine." Alishuka kipande kwa kipande kuelekea ncha ya mzizi. "Na huku chini, kupita kile chuma, inaungana, inakuwa mmoja. Weusi huu unaozunguka ncha ni mahali ugonjwa ulipokula mfupa."

Alipima urefu, akapima mpindo, akaonyesha kwa kalamu mahali atakapotoboa na upande atakaoelekea. Kukitoa kile kipande, alisema, itabidi achimbe mzizi mpaka uwe mwembamba, na unaweza kupasuka. Lakini akipita mfereji wa pili atafika chini yake, atasafisha mpaka mwisho, na kipande atakiacha palepale akizibe.

"Kitabaki humo?" Nyamoita aliuliza.

"Kitabaki. Hakitakudhuru. Au tuling'oe jino lote, usumbufu uishe leo. Uamuzi ni wako."

Nyamoita alitazama kioo. Linda alikuwa amesema atalimaliza mwenyewe. Njia aliyoitaka ilikuwa hapo mbele yao, imechorwa, na mtu wa kuipita hakuwapo.

"Usiling'oe," alisema.

Alilala tena kwenye kiti kilekile, chini ya taa ileile. Macho yaliyomwinamia yalikuwa ya mwanamume mwenye mvi kwenye nyusi. Masese alifanya kazi kimya, akiigeukia picha kwenye kioo cha ukutani kila mara, na Nyamoita alijikuta anatega sikio, anangoja mtu avumishe. Machozi yalimtiririka mpaka masikioni. Daktari alisimamisha kazi akangoja, Maureen akamfuta, kazi ikaendelea. Wakati fulani Masese alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeongea na mwenzake aliye chumbani, "Nimeupata." Ulikuwa pale picha ilipoonyesha. Nyamoita aliporudi mara ya pili, Masese aliziba mifereji yote, na baadaye akaweka kofia ngumu juu ya jino.

Maumivu yaliisha. Yaliisha kabisa, na kila mtu alifurahi. Akina mama wa kanisa walikuja kumwona akitafuna mahindi, wakamtania kwamba sasa ataanza kuwamalizia chakula. Naye alicheka nao.

Jambo ambalo hakumwambia mtu ni jinsi asubuhi zilivyokuwa. Kwa zaidi ya mwaka maumivu ndiyo yaliyomwamsha, na kabla hajafungua macho alikuwa tayari anawaza kuhusu Linda: ameniambia lisiguswe, ataniuliza lini. Ilikuwa kama kusubiri mtu aliyechelewa. Sasa aliamka na mdomo wake umetulia, na hakukuwa na chochote cha kusubiri. Alilala pale akisikia jogoo na Ogoti akikoka moto, na Linda alikuwa amekufa. Alikuwa amekufa zaidi kuliko mwaka uliopita.

Alianza kwenda nyuma ya nyumba, akaketi kwenye kigoda kando ya kaburi akiwa anamenya maharagwe au anachambua mboga. Siku moja Ogoti alipita na jembe akamsikia akiongea.

"Ungeniambia tu, Linda. Ningecheka. Ningekuambia mimi nimevunja vyungu vingapi vya mama yangu. Tungeteremka mjini tukale samaki, halafu ungelala usingizi wako. Mtoto wangu, ungelala."

Ogoti alirudi alikotoka, akapita njia nyingine.

Miezi ilipita, Masese akamwita amtazame kwa mara ya mwisho. Safari hii eksrei ya kawaida ilitosha. Aliweka ya zamani na ya sasa ubavu kwa ubavu, akamwonyesha ule weusi uliokuwa kwenye ncha ya mzizi: ulikuwa umefifia, mfupa umeota ukaujaza. Kile chuma kilikuwa palepale, cheupe, hakijasogea.

"Limepona, Mama. Huhitaji kurudi tena."

"Hata kidogo?"

"Likikusumbua njoo. Lakini halitakusumbua."

Maureen alimsindikiza mpaka kwenye ngazi. Walisimama hapo wakishikana mikono, wote wawili wakijua kwamba wagonjwa ndio hupanda huku, na kwamba Itumbe si mbali lakini watu wana kazi zao. "Nitakuja kukuona, Baba," Maureen alisema. Nyamoita akasema karibu sana, tutakupikia. Kisha akashuka, akishikilia ukuta.

Ogoti alikuwa akimngoja chini, mbele ya duka la vitambaa, kofia mkononi.

"Amesema nini?"

"Amesema nimepona," alisema Nyamoita.

Akafika ngazi ya mwisho, akaketi juu yake na gauni lake la kanisani, mchana kweupe, katikati ya mji, akalia. Ogoti hakumwambia anyamaze wala hakumwinua. Aliketi kando yake, bega kwa bega, na watu waliotaka kupanda wakawa wanawapisha, wanapita pembeni.